Kibuyu Ambacho Sikukivunja

Mofya mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda kusukwa nywele kwa shangazi yako, na kwa jinsi ninavyoijua mikono ya shangazi yako, na mdomo wake, hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimeketi kwenye meza ya chakula nimevaa koti, maana baridi ya mwezi huu wa saba haijali kwamba tuko ndani ya nyumba. Sitari iko mbele yangu ndani ya sanduku lake, kifuniko wazi. Uliniagiza nizilegeze nyuzi zake kwa ajili ya ndege itakayokupeleka kuisomea. Sijazilegeza, na nitakueleza kwa nini. Kesho asubuhi tutakuwa uwanja wa ndege wa Luano, na pale hakuna mtu anayeweza kuzungumza jambo la maana: kuna mstari, kuna kupima mizigo, kuna shangazi yako atakayelia mpaka watu waulize nani amekufa.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala za dawa, wala za watu wa kukaa nao mbali. Hayo umeshaambiwa na watu kumi, na tisa kati yao hawajawahi kupanda ndege. Mimi mwenyewe sijapanda. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na saba, na kila mwaka nilipata sababu nzuri ya kulisogeza mbele: bado mdogo, ana mitihani, leo ana furaha, leo ana huzuni. Sababu zimeniishia. Ukimaliza kusoma, huenda hutataka nikusindikize kesho. Nimeshamwomba shangazi yako awe tayari kukupeleka peke yake, na sikumwambia kwa nini.

Ile hadithi ya sitari ninayowasimulia wageni ni ya kweli, ila huwa naikatisha mapema. Ni kweli nilikwenda kupiga gitaa kwenye arusi ya mjukuu wa mzee Haresh, yule Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Ni kweli niliiona imetundikwa ukutani nyumbani kwake, nikacheka, nikamuuliza nani amekifunga kibuyu nyuzi nyingi hivyo. Mzee hakukasirika. Aliishusha, akaketi kwenye zulia na suti yake ya arusi, akauvuta uzi mmoja kando, juu ya chuma kimoja tu cha shingoni, na sauti ikapanda, ikapanda tena, bila kukatika popote. Nikaacha kucheka. Nilikuwa nimepiga gitaa miaka ishirini na sikuwa najua kwamba kuna kitu kati ya sauti moja na nyingine.

Wewe unajua gitaa letu la hapa linavyopigwa. Kidole gumba kinatembea chini kama mtu anayekwenda kazini, cha shahada kinacheza juu, na mwenzako anakwaruza chupa pembeni. Kidole gumba ndicho mwenye nyumba. Sasa nimerudi kwake kujifunza, na mzee Haresh ananiambia kidole gumba kikae kimya, kiegemee shingo ya sitari, kisiguse kitu. Kazi yote ifanywe na cha shahada peke yake, kimevishwa waya unaokata nyama. Miezi mitatu ya kwanza hakunipa zaidi ya uzi mmoja na sauti nne. Nilipojaribu kupiga nyuzi tatu kwa pamoja, kama kwenye gitaa, aliweka kiganja juu ya zote akasema, kwa Kiswahili chake cha dukani, "Weye iko unaongea mingi. Mingi sana." Ile ngozi ngumu ya vidole niliyoijenga kwa miaka ishirini ilipasuka kwa wiki mbili, kwa sababu gitaa unaligandamiza lakini sitari unaivuta kando, na uzi unapita ndani ya ngozi. Wewe mwenyewe ulipotoka kwenye gitaa na kuishika, miaka miwili iliyopita, kidole gumba chako kilikataa kutulia. Nilicheka siku ile mpaka ukanuna. Sikuwa nakucheka wewe.

Mama yako hakuipenda. Nimewahi kukuambia kwamba aliipenda, na huo ni uongo wa kwanza ninaoufuta leo. Gitaa alilipenda, gitaa ndilo lililomleta kwangu. Lakini sitari, siku nilipokuja nayo nyumbani baada ya mzee Haresh kuhamia kwa wanawe Lusaka na kuniachia, aliizunguka, akaigonga tumbo kwa kidole, akasema, "Baba Mofya, kibuyu muzuri vile, si tungetia munkoyo?" Tulicheka wote, kwa kuifikiria sitari imejaa kinywaji cha mahindi. Miezi ilipopita, yeye aliacha kucheka. Nilikuwa najifungia nayo chumbani saa mbili, saa tatu. Bendi ilikuja kuniita, nikasema naumwa. Wewe ulikuwa unakuja mlangoni na mimi nasema "baadaye". Siku moja mama yako alisimama hapo mlangoni na beseni la nguo kiunoni, akaniambia, "Ukikamataka ile kintu, hauko tena na shiye. Unaenda kule." Hakusema kwa hasira kwamba siko tena nao. Nikamjibu kwamba haelewi muziki. Mwanamke aliyeimba kwaya tangu ana miaka saba, nikamwambia haelewi muziki.

Alikufa wakati wa mvua, akijifungua mdogo wako, na mdogo wako akamfuata kabla jua halijazama. Hayo unayajua, na sitayarudia, maana hata sasa mkono wangu unakataa. Ulikuwa na miaka mitano.

Ninalotaka kukuambia ni la siku zilizofuata. Watu wa mama yako walifika kutoka Kilwa, kule kwao ziwani, siku ya tatu, juu ya lori la samaki, wamejaa matope mpaka magotini: bibi yako, mama zako wadogo wawili, na mjomba Kalasa. Mjomba Kalasa yule yule unayemjua, fundi wa mashua, mtu wa maneno matano kwa siku. Ukoo wao una desturi ambayo huku mjini haipo. Mpiga muziki akifiwa na mkewe, nyuzi za chombo chake zinalegezwa. Halegezi yeye. Analegeza ndugu wa kiume wa marehemu, mbele ya watu, na chombo kinageuziwa uso ukutani. Kinakaa hivyo mpaka ukoo wa mke useme imetosha, na hapo mtu wa ukoo huo huo ndiye anayekaza. Mwingine hawezi. Ndiyo namna yao ya kukuambia kwamba hawana tena neno nawe.

Niliiona ni desturi nzuri. Gitaa langu nilimkabidhi mjomba Kalasa kwa mikono yangu. Alikaa kwenye kigoda katikati ya kilio, akazungusha funguo moja moja, polepole, kwa vidole vyake vyenye lami, na kila uzi uliposhuka wanawake waliitikia. Alipomaliza, akatazama ndani kupitia mlango wa chumba cha kulala. Sitari ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda.

"Na ile?" akauliza.

Nikamjibu, "Ile hapana ya muziki. Iko kintu ya Muhindi, ya kupamba paka ku mur."

Pambo la ukutani tu, nikamwambia. Mke wangu alikuwa na siku tatu tu tangu afe, na mimi nilikuwa nimeshapata sababu nne. Kwamba desturi ni ya gitaa, na hii si gitaa. Kwamba shingo ile ikilegezwa kwa pupa itapinda. Kwamba mzee Haresh aliniachia niitunze. Ya nne nimeisahau, lakini nayo ilikuwa nzuri. Mjomba Kalasa alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Yeye alikuwa hadanganyi, kwa hiyo hakufikiri kwamba mtu anaweza kudanganya akiwa amekaa kwenye mkeka wa kilio cha mkewe.

Unazijua nyuzi za chini za sitari, zile ambazo hakuna kidole kinachozigusa. Zikisikia sauti iliyo yao, zinaitika zenyewe. Siku ya tano, mchana, kwaya ya mama yako ilikuja na kuimba uani, kwaya nzima. Nilikuwa nimekaa chini, ndevu zimeota, na wewe umelala mapajani mwangu. Kila walipofika mahali fulani pa wimbo, nilisikia kitu chumbani kinalia kidogo nyuma yao. Mara ya kwanza nilidhani ni kichwa changu. Mara ya tatu bibi yako aligeuka akatazama mlango.

Nikakulaza kwenye mkeka, nikanyanyuka. Nakuapia kwamba nilinyanyuka nikaifunike. Nilichukua kitenge cha mama yako kwenye msumari, nikaingia, nikaishusha kitandani niizungushie. Wimbo ukafika pale pale, nyuzi zikaitika, na mmoja ulikuwa umeshuka. Kidogo sana, kwa sababu ya unyevu wa mvua. Mofya, katika familia hii nzima wewe peke yako unaweza kujua ninachosema. Sikuweza kuuacha. Mke wangu yuko ardhini, wenzake wanamwimbia, na mimi nilichosikia ni uzi ulioshuka. Nikazungusha ufunguo wake. Nikaugusa kuhakikisha. Nikagusa wa pili kulinganisha.

Halafu nikapiga. Sijui ni kwa muda gani. Nilipoinua macho, wewe ulikuwa umekaa sakafuni mbele yangu, umekunja miguu kama mimi. Uani kwaya ilikuwa imeacha kuimba. Mjomba Kalasa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia.

"Njo ile hapana ya muziki," akasema, na akaondoka.

Walikaa jioni ile ile uani, kabla ya giza: bibi yako, mjomba Kalasa, baba yako mkubwa kwa upande wangu, na wengine wachache. Bibi yako alikuwa amejifunika mpaka usoni. Nilimwona mjomba Kalasa akienda jikoni, na akarudi na mchi wa kinu cha mama yako. Akauweka chini mbele yangu. Siku hiyo aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Baba Mofya, shiye hatukuleta palabre, hatukuja kugombana. Ulitusemea bongo, ulitudanganya, ku kilio ya bibi yako, dada yetu. Bon. Leta ile kintu hapa, uipasule mbele ya mama. Iko paka kibuyu. Ukiipasula, bintu bimeisha, mutoto anabakia kwako. Ukikatala, tunaenda naye. Muntu mwenye hawezi kuacha kibuyu siku tano juu ya dada yetu, ataacha nini juu ya mutoto?"

Baba yako mkubwa akanishika bega. "Pasula, mudogo wangu. Kweli, franchement. Pasula tuende kulala."

Nilikwenda nikaileta. Niliiweka chini, nikaushika mchi. Wewe ulikuwa umesimama umeshika kitenge cha bibi yako, unatazama kama mtoto anayengoja kuona mchezo. Nikautazama ule mviringo, nikafikiria miaka mitatu ya vidole kutoka damu, nikafikiria kwamba mzee Haresh amekwenda na katika mji huu mzima hakuna mwingine. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Halafu nikasema, kwa sauti, wote wakasikia:

"Mutoto atarudia. Hii haitarudia."

Ndilo jambo lenyewe. Nimeliandika, na nyumba haijaanguka. Nawe ulikuwepo, ulisikia. Kwa miaka kumi nimekuwa nikiuchunguza uso wako nione kama unakumbuka, na hukumbuki.

Bibi yako alianza kulia upya, na safari hii hakuwa anamlilia mama yako. Baba yako mkubwa alitoka langoni bila kuaga, na hakunisemesha mpaka mvua nyingine. Mjomba Kalasa aliutoa mchi mkononi mwangu, akaurudisha jikoni. Asubuhi yake alilichukua gitaa langu lililolegezwa, akakuchukua na wewe, lori likaondoka. Ulikuwa umevaa sweta yangu, mikono imekunjwa mara tatu. Ulinipungia, kwa sababu ulifikiri mnakwenda kutembea tu.

Utasema nilisema kweli, ulirudi. Baada ya miaka saba ulirudi. Lakini aliyeondoka alikuwa anakuja mlangoni kwangu bila kuitwa, na aliyerudi alibisha hodi kwenye nyumba ya baba yake akangoja aitikiwe.

Katika miaka hiyo saba sikuja Kilwa hata mara moja. Niliwaambia watu kwamba barabara ni mbaya. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini malori ya samaki yalikuwa yanafika mjini kila wiki, na madereva walikuwa wananijua kwa jina. Mara moja nilipanda, nikafika Kasenga, katikati ya njia, nikashuka kunywa chai, nikapanda lori linalorudi. Niliona aibu. Niliogopa kwamba nitafika na mjomba Kalasa atauliza umekuja kufanya nini, na kibuyu bado kizima nyumbani.

Na sitari nilikuwa naipiga. Ulifikiri niliiacha? Nilikuwa nimeinunua kwa bei ile, ningeiachaje. Nilipiga kwenye hoteli mbili, watu wakila. Wakati wa ukame kibuyu kilitaka kupasuka chenyewe, nikawa naweka beseni la maji chini yake kila asubuhi na kulibadilisha kila jioni, na kuna siku nilijikuta nakikagua kwa mkono kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, nikatoka nje nikakaa chini. Nilikuwa sijui hata kama wewe umewahi kuwa na homa.

Halafu ile siku ulipoletwa, ukiwa na miaka kumi na miwili. Mjomba Kalasa alisimama langoni hapa mtaani Bel-Air na hakutaka kuingia, hata maji hakunywa. Alisema, "Nimekuletea mutoto. Kule kwetu masomo imefika mwisho. Sikumuambia kintu. Utamuambia weye mwenyewe." Nikasema ndiyo. Akakushika kichwani, akaondoka kutafuta lori.

Ulikuwa umebeba gitaa langu mgongoni. Uliketi, ukapiga, ili nione unajua. Nyuzi zilikuwa zimekazwa barabara. Nikakuuliza nani alizikaza. Ukasema, "Mjomba." Nikauliza lini. "Kitambo, Papa. Ile siku tulifika. Alisema mutoto hawezi kucheza na gitaa ya kulala."

Ile siku mlifika, Mofya. Mwenye haki ya kukaza alikaza siku ile ile. Alipanda lori na hasira yake, na siku mbili za matope zilitosha, alipofika Kilwa alikuwa ameimaliza. Kama ningekuja wiki iliyofuata angenipa mtoto wangu na gitaa langu na samaki wa njiani. Miaka saba yote nilikuwa nimesamehewa, na sikuwa najua, kwa sababu sikwenda kuuliza.

Jioni ile ulinishukuru kwa viatu vyekundu, na kwa gauni la komunyo ya kwanza, na kwa madaftari niliyokutumia kila mwaka. Mimi sikuwahi kutuma kiatu wala daftari. Alikuwa ananunua yeye, anakuambia yametoka kwa papa. Nilikutazama, nikasema, "Haya, mwanangu."

Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu ukaniuliza, ulikuwa unaosha vyombo, hukugeuka: "Papa, juu ya nini ulikubali banikamate?" Nikajibu, "Habakuniuliza, mwana." Maneno mawili. Kuanzia siku hiyo ulimchukia mjomba wako, na mimi niliiona chuki hiyo inakua ndani ya nyumba yangu, nikaiacha, kwa sababu ilikuwa inanikalia vizuri. Alikuwa akituma samaki wa kukausha kila likizo. Wewe ulikataa kuwagusa. Niliwala mimi.

Mvua iliyopita, simu ilipokuja kwamba amekufa, ulikuwa umekaa hapo kwenye zulia na sitari, unafanya kile kipande cha polepole. Ukasikiliza, ukasema, "Bamuzike bao benyewe. Aliniiba," ukaendelea. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Sentensi moja ingetosha. Nilifungua mdomo, na uzi ukapanda chini ya kidole chako kama ulivyopanda chini ya kidole cha mzee Haresh siku ile ya arusi, nikafunga mdomo. Sikutaka kukukatiza. Ulikuwa unapiga vizuri sana.

Nilikwenda Kilwa peke yangu. Safari hii barabara haikunishinda. Mke wa mjomba aliniuliza Mofya yuko wapi, nikasema ana mitihani. Akaniambia kwamba tangu siku aliyokuleta, mumewe alikuwa akiuliza madereva wa malori kama umempa mtu barua. Hakuwa anataka kushukuriwa, alisema. Alikuwa anangojea kujua kama nimekwisha kukuambia. Nilikaa kilio siku nne kwenye mkeka wao, na hakuna aliyenilaumu kwa lolote, na hilo lilikuwa baya kuliko yote.

Utaniuliza kama ilistahili. Nimepiga miaka kumi na saba baada ya siku ile, na mimi si mpigaji mkubwa, Mofya. Nina masikio, sina mkono. Wewe kwa miaka miwili umenipita, na ndiyo maana wanakuita huko. Nilikubadilisha na kitu ambacho sikukiweza. Na hata kama ningekiweza, nafikiri ningekuwa naandika barua hii hii.

Huko utakuta walimu watakaokutaka uache mengine yote kwa ajili ya chombo. Wengine watakuwa na haki, sijui, mimi sikusomea. Siwezi kukuambia acha hili, shika lile. Najua tu jinsi ilivyoanza kwangu: ilianza na "baadaye" pale mlangoni, na kila siku nilikuwa na sababu safi. Hakuna siku niliyojisikia mtu mbaya. Hata nilipoushika ule mchi, nilijiona mtu anayelinda kitu cha thamani.

Sasa, habari ya nyuzi. Jana uliniambia, "Papa, utailegeza weye, mikono yako inajua." Leo saa nane na nusu nilishika ufunguo wa kwanza nikauachia. Kwa desturi ya watu wa mama yako, mimi sina ruhusa. Analegeza mtu wa upande wake, na baadaye yeye ndiye anayekaza, akitaka. Sitari hii haikuwahi kulegezwa. Nilimdanganya aliyestahili kuilegeza, na amekufa. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na katika nyumba hii amebaki mtu mmoja tu wa upande huo: wewe.

Kwa hiyo nimekuachia kama ilivyokuwa siku ile, imekazwa yote, hakuna uzi ulioshuka, nimehakikisha. Mchi wa kinu cha mama yako uko juu ya meza, kando ya sanduku. Ukiipasua, safari haiharibiki. Huko wanazo nyingi, na walichokiita ni mikono yako, si kibuyu hiki. Ukiilegeza ukaenda nayo, sitakuuliza kamwe kama umeikaza. Ukitaka kuiacha hapa mezani na kwenda, nenda.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, huenda ni wewe unakuja. Barua hii naiweka juu ya nyuzi. Mimi niko uani, nimetandika mkeka, nimekaa chini. Sitaingia mpaka uniite.

Baba yako